Je, Wajua? Kidonge cha kiungulia huzuia dawa nyingine

Kwenye duka la dawa muhimu, iwe Mpanda mjini, Inyonga au Karema, mwenye kiungulia mara nyingi hupewa vidonge vyeupe vya magnesiamu. Hivi hutafunwa hadi vilainike kabisa ndipo vimezwe. Hupunguza makali ya asidi kwa muda mfupi tu.

Wasilojua wengi ni kwamba magnesiamu, na alumini iliyomo katika baadhi ya dawa za kiungulia, hunasana na dawa nyingine tumboni, zisiingie mwilini ipasavyo. Doksisaiklini ni mojawapo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hudhoofishwa, na mjamzito anayepewa vidonge hivyo kliniki ndiye kiungulia humsumbua sana! Aviachanishe kwa angalau saa 2. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri azimeze saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Mtajie muuzaji kila dawa unayotumia, hata asipouliza.

Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni kidonda cha tumbo kinachovuja damu, na magnesiamu haikitibu.