Kiongozi wa Upinzani: Mpinzani Anayelipwa na Serikali

NDUGU msomaji, miaka ile vikao vya Bunge la Dodoma vilipokuwa vikirushwa moja kwa moja katika televisheni, haikuwa ajabu mtoto kumgeukia baba yake Alhamisi asubuhi na kumwuliza: huyu bwana anayesimama kila mara kuikosoa Serikali, mbona naye anaitwa Mheshimiwa, na mbona hafukuzwi? Akina baba wengi walijibu kwa mkato kuwa huyo ni mpinzani, kisha wakaendelea na chai yao. Swali la mtoto lilistahili jibu refu kuliko hilo, nasi leo tutajaribu kulijibu.

Wapo miongoni mwetu, na nia yao ni njema, ambao kila wakisikia neno upinzani hudhani wametajiwa fitina. Hofu hiyo ina sababu zake, kwani nyumba nyingi zimevunjika kwa maneno. Lakini fitina hunong'onezwa gizani, na mwenye kuieneza huomba asitajwe. Kiongozi wa Upinzani Bungeni husimama mchana kweupe mbele ya yule anayemkosoa, maneno yake yakaandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu rasmi, na jibu akapewa papo hapo. Hayo ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Cheo hiki asili yake ni Bunge la Uingereza, na jina lake lilianza kwa mzaha. Mnamo Aprili 1826 mbunge John Cam Hobhouse, akichangia hoja juu ya mshahara wa waziri mmoja, aliutaja upande wake kuwa ni upinzani wa Mtukufu Mfalme. Wabunge waliangua kicheko. Mfalme ana mawaziri wake, hilo lilijulikana. Je, anao na wapinzani wake pia? Kicheko kilipokwisha, jina lilibaki, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Mtu aweza kuipinga Serikali iliyoko madarakani bila kuiasi nchi. Zamani katika falme nyingi mambo hayo mawili yalikuwa kosa moja, na adhabu yake ilikuwa moja.

Ilipita zaidi ya karne nzima kabla Uingereza haijakubali kumlipa mtu huyo. Kanada ilitangulia mwaka 1905. Sheria ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1937, ikaweka pauni 2,000 kwa mwaka kwa Kiongozi wa Upinzani, ilhali Waziri Mkuu alitengewa pauni 10,000. Wapo waliocheka tena: vipi Serikali imlipe mtu kwa kazi ya kuikosoa? Jibu ni kwamba fedha ile si ya Serikali, ni ya wananchi, na wananchi ndio wanaomhitaji mkosoaji asiyelazimika kuitegemea mifuko ya matajiri ili aishi.

Umuhimu wa mtu huyo ulionekana wazi Mei 1940, vita vikiwa vimepamba moto. Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitaka kuunda serikali ya vyama vyote. Clement Attlee, Kiongozi wa Upinzani, aliwauliza wenzake wa chama cha Labour, akarudisha jibu: tutaingia serikalini, lakini si chini yako. Siku hiyo hiyo Winston Churchill akashika uwaziri mkuu. Na hapa, ndugu msomaji, pana jambo dogo ambalo waandishi wengi hulipita. Attlee na wenzake walipohamia upande wa Serikali, kiti walichokiacha hakikuachwa kitupu. Hastings Lees-Smith, mtu wa chama hicho hicho, aliwekwa akalie ili shughuli za Bunge ziende kwa utaratibu wake. Nchi ilikuwa ikishambuliwa, nayo bado iliona haja ya kuwa na mtu wa upande wa pili.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi kimetokea India. Mwezi Juni 1975 Waziri Mkuu Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari. Viongozi wa upinzani walikamatwa usiku, magazeti yakafungwa midomo, na watu kama Morarji Desai na Atal Bihari Vajpayee wakatupwa gerezani. Mwezi Machi 1977 uchaguzi ulifanyika, chama cha Congress kikashindwa, na waliokuwa wafungwa wakawa mawaziri. Desai ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu.

Ungetazamia nini kwa watu waliotoka jela? Mwaka ule ule wa 1977 Bunge lao lilipitisha sheria ya kumpa Kiongozi wa Upinzani mshahara na heshima sawa na waziri. Na aliyekikalia kiti hicho ni Y. B. Chavan wa Congress, mtu aliyekuwa waziri katika serikali ile ile iliyowafunga. Hawakumpa kwa sababu wanampenda. Walikuwa wameonja nchi isiyo na mtu wa kusema hapana, wakaitambua ladha yake.

Wema huo haukuwalipa kwa upande wao. Miaka miwili baadaye, Julai 1979, Chavan aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Desai. Wabunge wa chama tawala walianza kukimbia mmoja mmoja, na Desai akajiuzulu kabla kura hazijapigwa. Sheria ya mwaka 1977 haikufutwa.

Sasa tumrudie mtoto wetu na swali lake, maana kazi ya Kiongozi wa Upinzani si kupinga tu. Kwetu Tanzania, baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo kufanyika mwaka 1995, Bunge lilijiwekea kanuni juu yake. Waliowahi kukikalia kiti hicho ni pamoja na Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi huko Pemba, na baada yake Freeman Mbowe wa Hai. Kiongozi huyu huteua mawaziri kivuli, na kila waziri kivuli huifuatilia wizara yake. Waziri akisoma bajeti, kivuli chake husoma maoni ya upande wa pili na kueleza wao wangefanya nini. Siku za Alhamisi, Waziri Mkuu anapojibu maswali ya papo kwa papo, Kiongozi wa Upinzani hupewa nafasi ya kuuliza mbele ya wengine.

Kazi nzito zaidi hufanyika mbali na kamera, katika kamati ya hesabu za serikali, ambayo kwa desturi ya mabunge mengi ya namna hii huongozwa na mbunge wa upinzani. Baba mwenye busara hampi mwenye duka kazi ya kukagua daftari lake mwenyewe. Novemba 2014 kamati hiyo hapa kwetu ilikuwa chini ya Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa upinzani, ilipowasilisha ripoti ya akaunti ya Tegeta Escrow. Kabla ya Januari 2015 kwisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Waziri wa Nishati na Madini walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi ameondolewa. Sikumbuki kikao kingine kilichofuatiliwa na watu wengi kiasi kile, hata vijiweni ambako siku zote huzungumzwa mpira.

Udhaifu wa cheo hiki ni kwamba kinasimama juu ya hesabu. Huko India, kwa desturi, chama kinatakiwa kiwe na angalau sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 55 kati ya 543. Mwaka 2014 Congress ilipata 44, na mwaka 2019 ikapata 52. Kwa miaka kumi baraza lile halikuwa na Kiongozi wa Upinzani anayetambuliwa. Madhara yake yalijitokeza mahali ambapo wengi hawakupatazamia. Sheria ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kupambana na rushwa iitwayo Lokpal, na kamati ya kumteua mkuu wake ilitakiwa iwe na Kiongozi wa Upinzani. Kiongozi hakuwapo, uteuzi ukakwama. Mallikarjun Kharge wa Congress alipoalikwa kwenye kikao akiwa mgeni tu, alikataa kwenda, kwani mgeni hana kura. Mkuu wa kwanza wa Lokpal aliteuliwa Machi 2019, zaidi ya miaka mitano tangu sheria ipite. Wapo wanaoilaumu Serikali kwa ajizi, na wapo wanaomlaumu Kharge. Mimi nawalaumu waliotunga sheria bila kufikiria siku ambayo kiti kitakuwa kitupu.

Mwaka 2024 Congress ilipata viti 99, Rahul Gandhi akawa Kiongozi wa Upinzani. Tarehe 26 Juni, Spika Om Birla alipochaguliwa, yeye na Waziri Mkuu Narendra Modi walimsindikiza pamoja hadi kwenye kiti chake, wakapeana mikono. Wiki chache kabla walikuwa wakirushiana maneno makali majukwaani.

Kwetu kipimo ni kikubwa zaidi, asilimia 12.5 ya wabunge wote. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020 hakuna chama kilichokifikia, hata vyama vya upinzani vikijumlishwa, na Bunge la 12 likaenda hadi mwaka 2025 bila Kiongozi wa Upinzani. Bajeti tano zilisomwa bila hotuba ya kambi ya pili. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2021 alifika darasa la tano bila kumwona mtu yule ambaye kaka yake aliwahi kumwulizia baba.