Kwa nini barua pepe yenye karatasi za hospitali inarudi, na ufanye nini



Siku hizi karatasi nyingi za matibabu hazisafiri tena kwa mkono. Ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, au ofisi ikitaka kuona majibu ya vipimo vyako, unaweza kuambiwa: "Tutumie karatasi zako kwa barua pepe." Unazipiga picha kwa simu, au unampa mwenye kompyuta azitume, kisha unarudi nyumbani ukijua kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye unaambiwa hakuna kitu kilichofika.

Wengi hapa kambini hufikiri kuwa wamenyimwa au wamesahauliwa. Mara nyingine sababu ni nyepesi kuliko hiyo: barua ilikuwa kubwa mno na ikakataliwa kabla mtu yeyote hajaiona. Kwa mgonjwa anayesubiri tarehe ya kuonana na daktari bingwa, wiki mbili ni nyingi. Ndiyo maana sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tumeona tueleze jambo hili.

SEVA NI NINI, NA KWA NINI INAWEKA KIKOMO?

Barua pepe haitoki kwenye simu yako na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya daktari. Inapita kwenye kompyuta nyingine kubwa ziitwazo seva. Seva ya upande wako huipokea barua na kuipeleka kwa seva ya hospitali au shirika unaloliandikia. Seva hiyo ndiyo huiweka ndani ya sanduku la barua la mhusika.

Kila seva ina msimamizi wake, na msimamizi huweka kikomo cha ukubwa. Anafanya hivyo kwa sababu nafasi ya kuhifadhi barua ina mwisho, na kwa sababu barua chache kubwa sana zinaweza kuziba njia ya wengine wote, hasa pale ambapo intaneti ni ya polepole.

Ukubwa hupimwa kwa megabaiti, kwa kifupi MB. Barua ya maneno matupu haifiki hata sehemu ndogo ya MB 1. Lakini picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa MB 3 au zaidi. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Vikomo havilingani. Gmail inaruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25. Seva za ofisi nyingi ni kali zaidi. Programu ya Exchange ya Microsoft, ofisi inapoiweka kwenye kompyuta zake yenyewe, huja ikiwa na kikomo cha MB 10 hadi msimamizi akibadilishe. Postfix, programu ya seva inayotumika sana duniani, nayo huja na kikomo cha karibu MB 10.

Kwa hiyo barua inaweza kuruhusiwa kutoka kwako na bado ikakataliwa kule inakokwenda. Kikomo kinachoamua ni kile kidogo kuliko vyote vilivyomo njiani.

MZIGO HUONGEZEKA UZITO NJIANI

Hapa kuna jambo ambalo hata watu wa kompyuta hulisahau. Barua pepe iliundwa kwa ajili ya kubeba maandishi tu. Ili picha ipite, programu huigeuza kuwa herufi: kila vipande 3 vya picha hufanywa herufi 4. Ni kama kusafirisha vyungu. Lazima uvifunge kwa nyasi visivunjike, na nyasi nazo zina uzito wake.

Kwa sababu hiyo kiambatisho huongezeka kwa theluthi moja na zaidi kidogo. Tuchukue mfano. Mama ana karatasi 5 za mtoto wake, na kila picha ni MB 3. Jumla ni MB 15. Zikishafungwa kwa safari zinakuwa karibu MB 20. Gmail itazitoa bila shida, lakini seva ya ofisi yenye kikomo cha MB 10 itazirudisha. Ofisi ikikuambia kikomo chake ni MB 10, wewe hesabu MB 7 za viambatisho.

BARUA YA KURUDI HUMWENDEA NANI?

Seva inapokataa barua, kwa kawaida mtumaji huletewa taarifa. Taarifa hiyo hujitambulisha kwa jina kama Mailer-Daemon, Postmaster au Mail Delivery Subsystem, na mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Watu wengi huifuta wakidhani ni tangazo la biashara. Usiifute. Hiyo ndiyo habari yako.

Zingatia hili sana: taarifa humwendea mwenye anwani iliyotuma. Kama karatasi zako zilitumwa kwa anwani ya mwenye duka la intaneti, au ya jirani, taarifa itaingia kwake, si kwako. Yeye ana barua nyingi, huenda asiione. Hivyo wewe unasubiri jibu, ofisi nayo inasubiri karatasi, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Fungua anwani yako mwenyewe, ni bure. Kama haiwezekani, mwombe aliyekutumia afungue sanduku lake mbele yako kabla hujaondoka, na tena kesho yake.

SOMA NAMBA

Ndani ya taarifa kuna namba. Huna haja ya kujua Kiingereza chote, tafuta namba hizi:

• 552, 5.3.4 au 5.2.3: mara nyingi maana yake barua ni kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Ipunguze.

• 5.2.2: sanduku la unayemwandikia limejaa. Kupunguza picha pekee huenda kusisaidie. Mpigie simu au omba anwani nyingine.

• 5.1.1: anwani hiyo haipo. Angalia kila herufi na kila nukta uliyoandika.

• Namba inayoanza na 4: ni kuchelewa tu, seva itajaribu tena yenyewe. Usitume mara tano, utaongeza msongamano.

• Namba inayoanza na 5: imekataliwa moja kwa moja. Ukituma vilevile itarudi vilevile.

Ikiwa hakuna taarifa yoyote, angalia sanduku la barua zinazosubiri kutoka. Mtandao ukiwa dhaifu, barua kubwa inaweza kukwama humo siku nzima bila kutoka.

HATUA ZA KUFUATA

1. Uliza kwanza. Kabla ya kutuma, iulize ofisi: "Mnapokea barua ya ukubwa gani?" Swali hili moja linaokoa siku nyingi.

2. Angalia ukubwa wa kila picha. Kwenye simu au kompyuta, fungua maelezo ya picha, utaona MB zake. Jumlisha zote.

3. Tuma karatasi zinazohitajika tu. Kama wameomba fomu ya rufaa na majibu ya maabara, usiweke kitabu kizima cha kliniki.

4. Punguza picha. Ukipunguza upana na urefu kwa nusu, picha inabaki na robo ya eneo lake. Picha ya MB 3 huweza kushuka hadi chini ya MB 1. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya Paint inafanya kazi hii. Simu ya iPhone, ukituma picha kwa programu yake ya barua, hukuuliza unataka ukubwa gani. Chagua wa kati.

5. Kama unatumia skana, mwambie mwenye mashine aiweke kwenye nukta 150 au 200 kwa inchi. Wengine huiacha kwenye 600 na rangi zote. Karatasi iliyopigwa kwa nukta 600 ina nukta mara 16 ya ile ya nukta 150, na daktari hasomi zaidi kwa sababu hiyo.

6. Gawanya. Haba na haba hujaza kibaba. Badala ya barua moja ya karatasi 10, tuma barua mbili au tatu. Kwenye kichwa cha kila barua andika namba ya kumbukumbu uliyopewa na "1 kati ya 3", "2 kati ya 3", ili mpokeaji ajue kama kuna iliyopotea.

7. Hakikisha imefika. Piga simu au uliza kituoni. Kutotaarifiwa si uthibitisho kwamba barua imefika.

Kuna njia mbili ambazo watu hujaribu na hazisaidii. Ya kwanza ni kuzifunga picha kwa programu ya zip: picha za simu tayari zimebanwa, hazipungui karibu chochote. Ya pili ni kuweka picha ndani ya hati ya Word na kuivuta pembeni iwe ndogo. Inaonekana ndogo kwa macho, lakini uzito wake unaweza kubaki uleule ndani ya hati.

USIPUNGUZE HADI ISISOMEKE

Baada ya kupunguza, fungua picha uikuze. Je, jina la mgonjwa linasomeka? Tarehe? Kipimo cha dawa? Mhuri? Nukta ikipotea katika kipimo, miligramu 2.5 husomeka 25, na hiyo ni hatari kwa maisha. Ni heri barua tatu zinazosomeka kuliko moja isiyosomeka.

Picha za eksirei na za mashine kubwa za hospitali ni jambo jingine. Usizipunguze mwenyewe. Muulize mhudumu wa afya aliyekuandikia rufaa jinsi ya kuzipeleka. Na karatasi halisi usiitupe kamwe baada ya kuipiga picha. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na maji na panya.

SIRI YA MGONJWA

Faili ikiwa kubwa, Gmail inaweza kuiweka kwenye hifadhi ya intaneti na kutuma kiungo tu. Ni msaada, lakini angalia nani ameruhusiwa kuifungua. Ukiruhusu kila mwenye kiungo, yeyote atakayepata kiungo hicho atasoma majibu yako. Mruhusu mpokeaji peke yake. Jua pia kuwa ofisi nyingine haziruhusu wafanyakazi wao kufungua viungo kama hivyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Ukitumia kompyuta ya duka, kabla ya kuondoka futa picha zako, zitoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta, kisha toka kwenye anwani yako. Majibu ya kipimo cha VVU, ya kifua kikuu au ya mimba ni yako, si ya mteja atakayekaa kwenye kiti baada yako.

KWA WENZETU WANAOFANYA KAZI OFISINI

Baadhi yetu tunatuma ripoti za kila wiki kwa anwani za mashirika. Ripoti ikirudi, usiishie kusema "mtandao ni mbaya". Mpelekee msimamizi wa seva taarifa nzima ya kurudi, siyo picha ya nusu ukurasa, kwa sababu mara nyingi humo mna jina la seva iliyokataa. Kikomo kinaweza kuwa kwenye anwani yako, kwenye seva yenu, au kwenye seva ya upande wa pili. Kama ni yenu, msimamizi anaweza kukiongeza. Kama ni ya wengine, hata akiongeza huku haitasaidia. Dawa ni kupunguza picha.

MWISHO

Kuna watu wanaodai kuwa karatasi zilizorudi zinaweza "kusukumwa" kwa malipo. Seva haipokei rushwa. Barua ikiwa kubwa itakataliwa, ikipunguzwa itapita. Huduma za UNHCR na za mashirika wenza wake ni bure, usimpe mtu pesa ili akufikishie karatasi zako.

Kama barua yako imerudi na huelewi namba iliyoandikwa, mwonyeshe taarifa hiyo mhudumu wa afya wa kujitolea wa eneo lako, au ilete kituo cha afya. Na kama tarehe yako ya hospitali imekaribia, usisubiri barua pepe ipite. Njoo kituoni siku hiyohiyo na karatasi zako mkononi, ili njia nyingine itafutwe mapema.