Kikuza Sauti cha Gitaa Juu ya Ubao wa Pedali: Muundo na Uundaji Wake

Utangulizi

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na porojo za barazani, na kwamba mtu anaposhika chuma cha kulehemu hana budi kukiaga na kuhamia Kiingereza. Dai hili lina madhara kuliko linavyoonekana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi ya karatasini haitoshi iwapo mwanafunzi hawezi kumweleza mwenzake, kwa lugha hiyo hiyo, jinsi ya kuunda kifaa kinachotoshea kiganjani. Makala haya yanajaribu kulijibu dai hilo kwa vitendo. Yanafafanua uundaji wa kikuza sauti kidogo cha gitaa la umeme, kinachokaa pamoja na pedali juu ya ubao mmoja.

Haja yenyewe inafahamika kwa wanamuziki wa vyuoni. Mpiga gitaa ana pedali zake tatu au nne, lakini kikuza sauti cha dukani ni kizito, ni ghali, na kukipandisha katika matatu ni kujitafutia ugomvi na utingo. Akipata kifaa kidogo cha kuunganisha na spika yoyote atakayoikuta ukumbini, atasafiri na gitaa begani na ubao wake kwapani.

Istilahi

Ni vyema tuelewane kuhusu maneno kabla ya kushika vifaa. Neno "kipaza sauti" lina utata: baadhi ya wasemaji hulitumia kwa chombo cha kusemea, wengine kwa chombo kinachotoa sauti. Kwa sababu hiyo, hapa tutakiita "spika" kile kinachotoa sauti, na "kikuza sauti" kile kinachopokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye gitaa na kuyapa nguvu ya kuisukuma spika. "Rizista" ni kijenzi kinachozuia mkondo wa umeme. Kiasi cha uzuiaji huo ni "ukinzani", nao hupimwa kwa omu. "Kapasita" huhifadhi chaji, hupitisha mawimbi ya sauti na kuuzuia umeme usiobadilika. "Chipu" ni saketi nzima iliyofinyangwa ndani ya kipande kimoja chenye miguu.

Je, nguvu ndogo inatosha?

Chipu tutakayoitumia ni LM386, iliyobuniwa na kampuni ya National Semiconductor ya Marekani, ambayo ilinunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Ikilishwa volti 9 na kuunganishwa na spika ya omu 8, hutoa takriban wati 0.7. Msomaji aliyezoea vikuza sauti vya wati 50 huenda akacheka. Asicheke upesi, kwani wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Sikio halipimi sauti kwa wati moja moja. Nguvu inapozidishwa mara 10, kiwango cha sauti hupanda kwa desibeli 10, na sikio huihisi sauti hiyo kuwa imeongezeka takriban maradufu. Kutoka wati 0.7 hadi wati 50 ni desibeli 18.5 hivi, yaani sauti inayohisiwa kuwa kubwa karibu mara tatu na nusu tu, wala si mara sabini. Aidha, spika zenyewe hazilingani. Spika ya gitaa ya inchi 12, ikipewa wati moja, aghalabu huizidi spika ndogo ya redio kwa desibeli 10 au zaidi. Hivyo basi, wati 0.7 ndani ya spika kubwa husikika kama wati 7 ndani ya ile ndogo. Hii ndiyo siri ya kifaa chetu: tunapunguza ukubwa wa kikuza sauti, si wa spika. Kwa mazoezi ya bwenini na mkutano wa watu wachache, kinatosha. Kwa jukwaa lenye ngoma na umati, hakitoshi, na ni heri kusema hivyo mapema.

Saketi na mpangilio wake

Saketi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni transista ya aina ya MPF102, ambayo kazi yake ni kuipokea sauti bila kuidhoofisha. Chipu ya LM386 ina ukinzani wa kuingilia wa omu 50,000 tu, ilhali gitaa la umeme huhitaji takriban omu milioni moja. Likiunganishwa na chipu moja kwa moja, sauti zake nyembamba hufifia. Huenda msomaji akauliza: si pedali zimekwisha kuifanya kazi hiyo? Ni kweli kwa pedali iliyowashwa. Lakini zipo pedali ambazo zikizimwa huunganisha waya kwa waya, na hapo gitaa hurudi kuikabili chipu peke yake. Kwa hiyo tusiiache transista.

Waya wa kuingilia upitie kapasita ya nanofaradi 47 hadi mguu wa G wa transista. Mguu huo uunganishwe pia na ardhi ya saketi kwa rizista ya omu milioni 1.5. Mguu wa D upate volti 9. Mguu wa S uunganishwe na ardhi kwa rizista ya omu 3,900, na hapo hapo sauti ichukuliwe kupitia kapasita nyingine ya nanofaradi 47 hadi kwenye rizista ya kuzungushwa ya omu 10,000, ambayo ndiyo kirekebisho cha sauti.

Chipu ina miguu minane. Ukiielekeza alama yake ya kipengee juu, mguu wa 1 uko juu kushoto. Hesabu ukishuka, kisha panda upande wa kulia hadi wa 8. Mguu wa 3 hupokea sauti kutoka kwenye kirekebisho. Miguu ya 2 na 4 huenda ardhini. Mguu wa 6 hupokea volti 9, na karibu nao iwekwe kapasita ya mikrofaradi 100 kwenda ardhini. Mguu wa 7 uende ardhini kwa kapasita ya nanofaradi 100. Mguu wa 5 ndio unaotoa sauti, nao huifikia spika kupitia kapasita ya mikrofaradi 220, upande chanya ukiielekea chipu.

Miguu ya 1 na 8 huamua ukuzaji. Ikiachwa wazi, chipu hukuza mara 20. Ikiunganishwa kwa kapasita ya mikrofaradi 10, upande chanya ukiwa kwenye mguu wa 1, hukuza mara 200. Ukitia rizista ya kuzungushwa ya omu 1,000 kati ya kapasita hiyo na mguu wa 8, utaweza kuchagua kati ya sauti safi na ile yenye mkwaruzo.

Kutoka mguu wa 5 pia, unganisha rizista ya omu 10 ikifuatwa na kapasita ya nanofaradi 47 hadi ardhini. Vijenzi hivi viwili havisikiki, na ndiyo maana wengi huviacha. Lakini ndivyo vinavyoizuia chipu isitetemeke yenyewe kwa kasi isiyosikika huku ikipata moto. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Umeme na kasha

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipojikwaa. Adapta za pedali kwa kawaida huwa na ncha hasi katikati ya plagi, na ncha chanya upande wa nje. Adapta nyingi za vifaa vingine ni kinyume chake. Jioni moja, saa moja kabla ya tumbuizo la chama, niliazima adapta iliyoandikwa volti 9, nikaichomeka bila kuutazama mchoro ulio mgongoni mwake. Chipu ilinuka, ikanyamaza, na tumbuizo likaendelea bila gitaa. Diodi moja ya aina ya 1N5817 kwenye njia ya umeme ingeizuia hasara hiyo, na gharama yake ni kupoteza takriban volti 0.3 tu. Pasi na kisingizio, itie.

Pia, kikuza sauti kinapovuma kwa nguvu zake zote hunywa takriban miliampea 130, kiasi kinachozidi kile ambacho matundu mengi ya vigawa umeme vya pedali huweza kutoa. Kipewe tundu lake lenyewe lenye uwezo wa miliampea 200 au zaidi. Betri ya volti 9 nayo haistahimili matumizi hayo kwa zaidi ya saa chache.

Kasha la alumini la milimita 112 kwa 60, lenye kimo cha milimita 31 hivi, linatosha, na huzuia mvumo wa nyaya za stima. Tundu la adapta liwe la plastiki: kwa kuwa upande wake wa nje ni chanya, tundu la chuma likigusa kasha lililounganishwa na ardhi litafunga saketi. Waya wa ardhi wa spika usipitie njia moja na ule wa kuingilia. Nyaya zote za ardhi zikutane mahali pamoja, karibu na tundu la umeme. Vinginevyo mkondo mkubwa wa spika utaichafua sauti ndogo ya gitaa, na kifaa kitapiga mbinja.

Kujaribu kabla ya kufunga

Lehemu soketi ya chipu, si chipu yenyewe. Kabla ya kuichomeka, pima kati ya miguu ya 4 na 6: uone karibu volti 9. Ichomeke, kisha pima mguu wa 5: uone takriban nusu ya kiasi hicho. Ukikuta sifuri au volti kamili, zima na ukague viungo. Vipimo hivi viwili huchukua dakika moja, nao huiokoa spika.

Hitimisho

Tumekiunda kifaa kizima kuanzia mguu wa kwanza wa chipu hadi kasha, na lugha haikutukatikia njiani. Maneno tuliyoyaazima, kama vile kapasita na diodi, yameketi katika ngeli zake kama wageni wastaarabu. Yaliyobaki tulikuwa nayo. Mafundi wetu wa Luthuli Avenue wameifanya kazi hii kwa mikono miaka mingi. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kwenda vibandani mwao, kuuliza kila kijenzi kinaitwaje, na kuandika. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.