Kweleakwelea: Hesabu Siku za Kiota Kabla ya Lita za Sumu

Mkulima wa mtama wa Bariadi, Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, akiona wingu la kweleakwelea likishuka shambani, ana haki ya kumwita mharibifu. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini kwa siku hula mbegu zipatazo gramu 10, kwa hiyo kundi la milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kabla jua halijazama. Hata hivyo, kiini cha tatizo si ulafi wake. Ni kasi yake ya kujenga na kuzaa, na mwenye kutaka kuokoa mtama lazima aanze kwa kuijua kasi hiyo.

Mvua ikishaotesha nyasi, dume hushika ukanda wa jani bichi, akaufunga kwa mdomo kwenye kitawi cha mgunga, kisha akasuka pete anayosimama ndani yake. Kutoka hapo huendelea kusuka kuizunguka, mpaka kinapatikana kiota cha mviringo chenye mlango ubavuni, karibu na juu. Nyasi lazima ziwe mbichi, kwani zilizokauka hukatika badala ya kupinda. Siku 2 au 3 zinamtosha. Jike, ambaye mdomo wake mwekundu hugeuka wa njano majira hayo, hutaga mayai 3 hivi na huyaatamia siku 10 hivi. Makinda huanza kwa kulishwa wadudu, ndipo zifuate mbegu. Mti mmoja hubeba mamia ya viota vilivyoanzwa karibu siku moja, hivyo makinda nayo huruka kwa pamoja, yakitafuta mbegu ndogo laini. Pamba hayaigusi. Mtama ambao punje zake bado zina maziwa ndio unaoyafaa. Kwa hiyo ushauri wa kulima mtama kwa kuwa unastahimili ukame, ushauri mzuri kabisa kwa Simiyu, haujakamilika bila mpango wa kukabili ndege hawa.

Wapo watakaosema mpango upo tayari: ndege ya kunyunyizia sumu. Ni kweli, makazi ya kwelea yakiwa jirani na mtama unaokaribia kukomaa, sumu huokoa shamba hilo, na mwenye njaa haambiwi asubiri. Lakini kwelea hufuata mvua, na huweza kuzaa tena mahali pengine msimu uleule. Afrika imewanyunyizia kwa miongo kadhaa, na bado huhesabiwa kuwa ndege wa porini walio wengi kuliko wote duniani. Fenthioni, sumu inayotumika, huua pia mwewe na bundi wanaomla kwelea, na nyama ya kwelea walionyunyiziwa haifai tena kuliwa, ilhali Kondoa watu huwatega na kuwafanya kitoweo. Ndiyo maana ni afadhali kuanza kwa kuhesabu siku. Kiota kikiwa bado cha kijani, kijiji kina wiki kadhaa kabla makinda hayajaingia shambani: muda wa kutosha kumwita ofisa kilimo, kupanga zamu za kuamia ndege na kutega nyavu.