Mashine imekaa, gari haiwaki

Ndugu wasikilizaji, juma hili nimeyaacha ya mjini, nikaenda kukaa chini ya mwembe kwenye gereji moja Bububu, siku tatu mfululizo. Kilichonipeleka huko ni Corolla ya mwaka 1989 aliyoiacha marehemu kaka yangu. Mwanawe mkubwa huiendesha teksi, na kinachopatikana ndicho kinachoingia jikoni kwa mjane na watoto. Mashine yake ilipokufa, tulichangishana ndugu tukanunua nyingine iliyotumika, kutoka Japani.

Fundi aliifunga kwa siku moja. Boliti zilikubali, giaboksi ikakubali. "Sheikh," akaniambia, "imekaa kama imezaliwa humu." Akazungusha ufunguo. Starta ikazunguka, ikazunguka tena, gari haikuwaka.

Nimeona tulizungumze jambo hili, kwa kuwa wengi wetu hubadilisha mashine pale gari mpya inapokuwa haiwezekani, na wengi hukwama hapo hapo. Spana imemaliza kazi yake, waya ndio kwanza unaanza.

Mashine ya zamani ilikuwa 5A-F. Iliyoingia ni 5A-FE. Tofauti ni herufi moja tu, na kwa mtu wa spana hizo ni ndugu wa tumbo moja. Lakini hiyo E ya mwisho, katika majina ya Toyota, maana yake mafuta hupulizwa na nozeli zinazoamrishwa kwa umeme. Treni ya zamani iliyokuwa ikitoka mjini kuja Bububu mwanzoni mwa karne ya 20 ilitaka maji na moto, basi. Mashine ya kabureta nayo haina makuu: ikipata mafuta, hewa na cheche, na nyaya chache za dashibodi, inakwenda. Hii ya nozeli haiendi mpaka kompyuta yake, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, ijue joto la maji, nguvu ya hewa inayovutwa, mguu umekanyaga kiasi gani, na mashine inazunguka kwa kasi gani. Kila habari ina waya wake. Wayaringi ya gari yetu, yaani tita zima la nyaya alizolazwa nazo kiwandani, haikuwa na njia ya habari hizo.

Fundi alifanya wanavyofanya wengi. Alichukua nyaya zilizokuja na mashine, akazikata soketi, akaunganisha rangi kwa rangi: mweusi wenye mstari mwekundu kwa mweusi wenye mstari mwekundu, kijani kwa kijani. Huo ndio mwanzo wa balaa. Rangi haisemi waya unafanya kazi gani. Gari mbili za kampuni moja, hata za miaka inayofuatana, huweza kutumia rangi moja kwa kazi mbali mbali. Waya huunganishwa kwa kazi yake, na kazi yake hujulikana kwa mchoro na kwa mita.

Tulimwita fundi umeme, mtu mzima asiye na haraka. Hakugusa nozeli wala plagi. Alianza na swali moja: je, kompyuta inapata umeme wakati wote inapouhitaji? Akaweka taa ya majaribio kwenye waya unaoilisha, akamwambia kijana awashe ufunguo. Taa ikawaka. "Piga starta." Taa ikazimika. Kumbe waya ule ulikuwa umeungwa kwenye njia ya redio! Umeme wa redio hukatika pale starta inapozunguka, ili betri ipumue. Kwa hiyo kila tulipopiga starta tuliizima kompyuta wenyewe. Ndiyo maana gari ilikuwa ikikohoa mara tu kijana anapouachia ufunguo. Ukiona dalili hiyo, usinunue plagi mpya. Tafuta waya wa ufunguo usiozimika wakati wa starta. Kompyuta ya namna hii hutaka pia waya wa pili ulio na umeme daima, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ili kumbukumbu yake isifutike.

Baada ya hapo akakagua ethi. Aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha mashine, starta ikapigwa. Ilitakiwa isome chini ya nusu volti. Ilisoma zaidi ya volti 2. Waya mnene unaoifunga mashine na bodi ulikuwa umesahauliwa sakafuni. Umeme mkubwa wa starta ukawa unatafuta njia ya kurudi betri popote unapopata, na mojawapo ilikuwa kebo ya akselereta. Niliigusa, ilikuwa ya moto. Na hapa kwetu hata waya uliofungwa hukaguliwa, maana hewa ya chumvi hula shaba ikatoa ukungu wa kijani, waya ukawa mzima kwa nje na mfu kwa ndani.

Waya wa ethi ulipofungwa, gari ikawaka. Kijana akapiga makofi. "Ami, jioni hii naingia barabarani!" Kabla hajashusha boneti, mashine ikazima. Fyuzi imeungua. Tukatia nyingine, ikaungua. Hapo fundi wetu wa mwanzo akatoa mfukoni kipande cha uzi wa shaba, akataka kuuzungushia fyuzi. Nilimshika mkono. Jamani, fyuzi inayoungua inasema kweli. Ukiifunga mdomo kwa shaba, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe, na waya huo unapita ubavuni mwa bomba la petroli.

Tuliufuata waya wa pampu mpaka nyuma. Ulikuwa umebanwa na chuma cha kiti, ngozi imechubuka, shaba inagusa bodi. Lakini tulikuta jambo kubwa zaidi. Pampu ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwenye ufunguo. Kabureta hutaka mafuta ya msukumo mdogo. Nozeli hutaka msukumo wa karibu bar 3, takriban mara kumi ya huo. Kiwanda kinalijua hilo, ndiyo maana kikaweka rilei inayoiruhusu pampu pale tu mashine inapozunguka. Mashine ikizima, pampu nayo huzima. Sasa fikirini: gari imegonga mnazi, bomba limepasuka, mashine imezima, lakini ufunguo uko wazi na pampu inamwaga petroli juu ya chuma cha moto. Nyuma wamekaa abiria. Wayaringi iliyokwenda harijojo hukugharimu siku za kazi. Hii hugharimu roho za watu.

Tukaitafuta rilei yake, tukaifunga kwa fyuzi ya kiasi kilichoandikwa.

Kulikuwa bado na ugonjwa mmoja: asubuhi gari haitaki kuwaka, na sindano ya joto kwenye dashibodi imelala. Dashibodi ya gari hii ilikuwa ya kabureta, haina taa ya kutangaza makosa ya kompyuta. Fundi umeme akatundika globu ndogo ya volti 12 baina ya umeme wa ufunguo na waya wa taa hiyo utokao kwenye kompyuta. Ndani ya boneti mna kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS. Toyota nyingi za miaka ile wanacho. Akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha ufunguo bila ya kupiga starta. Globu ikakonyeza mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikakonyeza mara mbili. Hiyo ni 22: habari ya joto la maji. Ingekonyeza mfululizo kwa mwendo ule ule, ingekuwa kompyuta haina lalamiko.

Tukafungua tepu. Waya mmoja wa sindano ya dashibodi ulikuwa umeungwa kwenye sensa ya nyaya mbili ambayo ni ya kompyuta. Zote mbili hupima joto, lakini kila moja ina bwana wake. Ya kompyuta hutumia volti 5 tu, na kuipelekea umeme wa volti 12 ni kuikaribisha kontroli boksi kaburini. Tukatia sensa ya pili ya dashibodi kwenye tundu lililokuwa limezibwa. Siku ya tatu jioni kijana akaenda Darajani, akarudi na abiria.

Basi, wewe unayefikiria kubadilisha mashine, shika haya. Inunue pamoja na tita lake la nyaya na kontroli boksi yake, soketi zikiwa nzima; bei ya nyongeza ni ndogo kuliko siku za gari kulala. Usikubali waya ukatwe kabla haujafungwa karatasi ya jina. Mahali pa kuunga pachomwe risasi, na pavishwe ganda. Kusokota na kutia tepu hakudumu katika joto na chumvi.

Na kabla hujamlipa fundi wako, fanya jaribio moja. Washa ufunguo, usipige starta, nenda nyuma ukasikilize kwenye tanki. Pampu ikilia kwa sekunde chache ikanyamaza, au isilie kabisa, sawa. Ikiendelea kulia bila ya kusita, zima ufunguo na umwambie kazi bado haijesha.

Kwa leo naishia hapo. Kwaherini.