Goma: Njia ndefu ya kuwa familia ya kupokea watoto waliopoteana na wazazi

Mjini Goma, mtoto anayepatikana peke yake baada ya risasi kulia mara nyingi analala usiku wa kwanza kwa mtu asiyemjua. Mama muuza unga anamuona kando ya barabara, anamwogesha, anampa maharagi, na asubuhi anaanza kuulizia: huyu ni wa nani? Katika Kivu hilo ni jambo la zamani. Lakini kutoka usiku huo mpaka kutambuliwa kama familia ya kupokea watoto, ile wanayoita FAT, kwa Kifaransa famille d'accueil transitoire, kuna safari.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kama mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Anayejikuta bila mzazi anawekwa katika familia na asistanti sosiali, chini ya jicho la mahakama ya watoto. Ukoo wake ndio unatafutwa kwanza.

Anayetaka kuwa FAT hajazi karatasi moja tu na kurudi na mtoto. Jina lake hupitia kwa chifu wa avenyu, nyumbakumi au kanisa, kisha asistanti sosiali anafika nyumbani. Anaangalia nani analala wapi. Anauliza kama watoto wa nyumba hiyo wanasoma, kama kuna pombe, kama kuna ugomvi. Majirani nao wanaulizwa, polepole, bila kelele. Baba akisema hiyo ni mambo ya mama, kazi inaishia hapo: wote wawili wanapaswa kukubali. Waliochaguliwa wanafundishwa, kisha wanatia sahihi kwamba hawatampiga mtoto, hawatamtuma kuuza barabarani, wala hawatasimulia habari zake kwa kila mgeni.

Ukali huo una sababu. Kuna nyumba ambamo msichana aliyeokotwa anageuzwa boyesi: anaamka kwanza, anachota maji, anakula mwisho, huku wengine wakienda masomo. Mpita njia anaona huruma tu. Jicho la asistanti sosiali linaanzia kwenye godoro na daftari.

Mshahara haupo. Mashirika hutoa godoro, sabuni na chakula, mara nyingine dawa na vifaa vya masomo. Mradi ukiisha, msaada nao unaweza kuisha, wakati mtoto bado yuko mezani. Hapo ndipo utaratibu huu unapochechemea, maana wengi wanaofungua mlango ni watu wanaotafuta chakula cha siku kwa siku.

Mahitaji hayapungui. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wakaaji walikimbilia Sake na Rwanda usiku. Kesho yake UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita vilipoingia Goma na kambi za pembeni ya mji kuvunjwa, familia nyingi zimetawanyika tena. Kuna pia wanaotoka katika makundi yenye silaha. Hao majirani wanawaogopa, na mama anayekubali mmoja wao anajua kwamba atasemwa kwenye bomba la maji.

Kigumu zaidi kinakuja mwisho. FAT ni ya muda, wakati Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wanatafuta wazazi. Anayetaka mtoto wa kudumu anapaswa kufuata njia nyingine, ya kuasili, mbele ya mahakama. Hata hivyo, miezi ikipita mtoto anaanza kusema « mama », na siku shangazi anapopatikana Masisi au Rutshuru, nyumba nzima inalia. Mtoto anaondoka na nguo zake, karatasi ya chanjo na bulletin ya masomo, na asistanti sosiali anapanga siku ya kwenda kumuona huko kwao.

Aliyeokota mtoto leo anashauriwa kumjulisha chifu wa avenyu na Divisheni ya Mambo ya Kijamii mara moja. Kila siku ya kunyamaza, mzazi naye anazidi kwenda mbali akimtafuta.