Kipindupindu cha Rumonge, Vidonge na Bomba la Maji

Kati ya Aprili na Mei 1992, watu zaidi ya 300 walilazwa Rumonge, nchini Burundi, kwa kipindupindu. Mlipuko ulianza siku mbili tu baada ya maji ya bomba ya mji kufungwa, ukaisha siku chache baada ya kufunguliwa. Katika siku hizo watu walibeba ndoo wakashuka Ziwa Tanganyika, kuchota na kuoga. Watafiti walioandika habari hizi katika jarida la Lancet mwaka 1997 walimkuta bakteria wa kipindupindu ndani ya maji ya Tanganyika wakati wa mlipuko. Ulipokwisha, hawakumpata tena. Tena bakteria wa ziwani na wa wagonjwa walikuwa sugu kwa dawa zilezile.

Hapo ndipo pa kutazama. Tumezoea kusema usugu wa dawa unatoka kwa mgonjwa asiyemaliza dozi. Ni kweli, lakini si yote. Bakteria sugu akishaingia majini, anamfikia hata mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge.

Chukua tetrasaiklini, dawa ya siku nyingi ya kipindupindu. Dawa huingia ndani ya bakteria na kuzuia utengenezaji wa protini, naye hawezi kukua. Bakteria sugu ana pampu ndogo kwenye utando wake: dawa ikiingia, inatolewa nje kabla haijafanya kazi. Maelekezo ya kuunda pampu hiyo mara nyingi yamo katika kipande cha DNA kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo.

Tanzania iliyaona hayo mapema. Katika mlipuko wa 1977 na 1978, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, hata kwa watu wazima wa afya ili wajikinge. Miezi michache baadaye, karibu robo tatu ya bakteria waliopimwa walikuwa hawaisikii tena. Burundi nayo iliumizwa na kuhara damu: kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, bakteria wa Shigella alikuwa ameshinda dawa za kumeza zilizotumika nchini, moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, kinachomuua mgonjwa wa kipindupindu ni kukaukiwa maji, na hakuna bakteria anayeweza kuwa sugu kwa maji na chumvi. Bila tiba, nusu ya waliozidiwa hufa. Wakirudishiwa maji mapema, hafi hata mmoja kati ya mia. Antibiotiki humpunguzia siku za kuhara yule aliyezidiwa, basi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tumbo likianza kuharisha maji tupu usikimbilie kununua vidonge viwili vitatu dukani. Koroga pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji safi, anza kunywa, na uende kituo cha afya huku ukiendelea kunywa. Ukiona damu, nenda siku hiyohiyo, daktari akuchagulie dawa. Na wanaosimamia maji ya miji ya ziwani, kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac, wasifunge bomba hata siku moja kabla ya kufikisha mitaani maji yenye klorini.